Tunis: Bahari Mlangoni, Maji Mbali

Katika gazeti letu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya hapa kwetu: mbegu, mbolea, afya ya mama na mtoto. Leo tunawaomba mfunge mizigo. Tunakwenda safari ya mbali, mpaka ukingo wa Afrika upande wa kaskazini. Safari hii haina nauli. Inataka mtu anayejua kusoma tu, nanyi mnajua.

Tunakwenda Tunis, mji mkuu wa nchi ya Tunisia. Tutafika mwishoni mwa Septemba. Tumechagua wakati huo kwa sababu ndipo watu wa huko wanapotazama mbingu. Wanangoja mvua. Basi katika safari hii tutauliza swali moja: mji mkubwa ulio kando ya bahari hupata wapi maji ya kunywa?

Tunis iko wapi?

Chukueni ramani ya Afrika. Wekeni kidole Dar es Salaam, kisha kipandisheni kaskazini na kukipeleka upande wa magharibi. Mtavuka mstari wa Ikweta, mtavuka jangwa kubwa la Sahara, mpaka kidole kifike kwenye bahari inayoitwa Mediterania. Hapo, katikati ya Libya na Aljeria, ipo nchi ndogo ya Tunisia. Toka Dar es Salaam mpaka Tunis ni zaidi ya kilomita 5,000. Ng'ambo ya bahari ile ni Italia.

Tunisia ina watu karibu milioni 12. Wengi ni Waislamu, na lugha yao ni Kiarabu. Wengi wanajua Kifaransa pia, maana Wafaransa waliitawala nchi hiyo tangu mwaka 1881 mpaka 1956, ilipopata uhuru.

Msiogope kwamba mtakuwa wageni kabisa. Kiswahili kina maneno mengi yaliyotoka katika Kiarabu. Mkisema kitabu, sukari, bahari au soko, mtu wa Tunis atatega sikio. Ataona maneno hayo ni ndugu wa maneno yake.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Jina la bara letu zima limetoka huko. Zamani Warumi walipoiteka sehemu hiyo waliifanya jimbo lao, wakaliita Africa. Baadaye Waarabu wakaiita Ifriqiya. Kidogo kidogo jina la jimbo moja likaenea mpaka likawa jina la bara lote. Kwa hiyo mtu wa Songea na mtu wa Tunis wote huitwa Waafrika, kwa jina lililoanzia karibu na Tunis.

Majira ya huko

Sisi tumezoea masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Wenzetu wa Tunis wana mpango wao. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, sisi tunapojifunika blanketi, wao wanaungua kwa joto. Mchana joto hupita nyuzi 30, na mwezi wa Julai huwa hakuna mvua karibu kabisa. Majani hukauka, vijito hukatika. Baridi yao huja Desemba na Januari, na mvua zao nyingi hunyesha katika miezi ya baridi.

Septemba na Oktoba ni katikati ya joto na baridi. Katika vitabu majira hayo huitwa vuli, na kwetu pia vuli ni wakati wa mvua. Katika Septemba joto la mchana bado ni kama nyuzi 30. Ikifika Oktoba linashuka, na jioni mtu anatafuta sweta. Shule hufunguliwa. Sokoni kuna makomamanga na tini, na tende mpya huanza kuja kutoka kusini, kwenye chemchemi za jangwani. Pilipili nyekundu hutungwa kwenye nyuzi na kuanikwa juani. Zikikauka husagwa pamoja na kitunguu saumu, chumvi na mafuta ya zeituni, zikawa harisa. Bila harisa, mtu wa Tunisia huona chakula chake hakina ladha.

Mvua ya kwanza ya majira haya ina jina lake huko mashambani. Huitwa kwa Kiarabu ghassalat an-nawadir, yaani mwosha viwanja vya kupuria. Ngano na shayiri zimekwisha kuvunwa na kupurwa. Kiwanja kimebaki na makapi na vumbi. Mvua inakuja kukiosha. Mkulima akiisikia juu ya paa anajua kwamba muda si mrefu atalima na kupanda tena.

Lakini mvua hiyo si rafiki siku zote. Ardhi imekauka, imekuwa ngumu kama sakafu. Mvua kubwa ikija kwa ghafla maji hayanywi ardhini, hukimbia juu. Tarehe 22 Septemba 2018 mvua ya namna hiyo ilinyesha katika mkoa wa Nabeul, si mbali na Tunis. Barabara na madaraja yalivunjika, na watu wakafa. Kwa hiyo mtu wa huko huingoja mvua kwa hamu na kwa hofu pamoja.

Kwa mwaka mzima Tunis hupata mvua ya milimita 450 hivi. Dodoma, ambako sisi tunakuita kukame, hupata zaidi kidogo kuliko hapo.

Tutembee mjini

Tuanze na mji wa kale. Kwa Kiarabu huitwa Madina. Njia zake ni nyembamba, nyingine hazipishi mkokoteni. Unyembamba huo una faida: kuta za pande mbili huleta kivuli, na mtu anatembea mchana bila kuchomwa na jua. Katikati upo msikiti mkubwa wa Zitouna, maana yake ni mzeituni. Msikiti huo una zaidi ya miaka 1,100. Waliojenga walichukua nguzo za mawe kutoka katika magofu ya zamani, wakazisimamisha tena. Kwa karne nyingi watu walikuja hapo kusoma. Bwana mmoja aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, Ibn Khaldun, aliandika kitabu kikubwa kinachoeleza jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima wanakisoma.

Kando ya msikiti zipo safu za maduka, kila kazi na safu yake. Wapo wauza manukato na wauza vitambaa. Wapo pia mafundi wa kofia nyekundu ziitwazo shashia. Kazi hiyo ilikuzwa na Waislamu waliofukuzwa Hispania miaka ya 1600. Kofia hufumwa kwa sufu, ikiwa kubwa kupita kiasi. Halafu huloweshwa kwa maji ya moto na sabuni, hupigwa na kusuguliwa, mpaka inanywea na kuwa nzito. Ndipo hutiwa rangi. Angalieni basi, hata kofia inataka maji.

Sasa tupande treni. Kati ya mji na bahari kuna ziwa lenye maji ya chumvi yasiyo na kina. Reli imejengwa juu ya tuta la udongo linalokata ziwa hilo. Mkichungulia dirishani mnaweza kuwaona heroe, wale ndege wa miguu mirefu tunaowaona katika Ziwa Natron. Kulia maji, kushoto maji, na yote hayanyweki. Baada ya muda mfupi tunashuka Carthage.

Maji yaliyotoka mlimani

Carthage ulikuwa mji wenye nguvu sana kabla ya Tunis kuwa mji mkuu. Inasemekana ulianzishwa mwaka 814 kabla ya Kristo na mabaharia waliotoka pwani ya Lebanoni. Warumi walipigana nao vita vikali, wakauteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo. Baadaye Warumi hao hao wakaujenga upya. Leo ni magofu, na nyumba za watu zimejengwa katikati yake.

Pale ufukoni yapo mabaki ya nyumba kubwa ya kuogea, iliyojengwa karibu miaka 1,900 iliyopita. Mgeni akiisimamia anajiuliza: jamani, maji ya kuogesha watu wote hawa yalitoka wapi? Bahari iko hatua chache, lakini maji yake ni ya chumvi.

Yalitoka katika mlima wa Zaghouan, upande wa kusini. Mlima huo una urefu wa karibu mita 1,300, na una chemchemi. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba nchi ilikaa miaka mitano bila mvua. Katika utawala wa Kaisari Hadrian, yaani kati ya mwaka 117 na 138, ndipo mfereji wa maji ulipoanza kujengwa kutoka mlimani mpaka mjini. Pamoja na matawi yake mfereji huo ulikuwa na urefu wa kilomita 132.

Hapakuwa na injini wala pampu. Maji yaliletwa kwa mteremko tu. Mafundi walipima ardhi, wakahakikisha kwamba kila mahali mfereji unashuka kidogo, kidogo sana. Ukishuka mno, maji yatakwenda kwa kasi na kuubomoa. Usiposhuka, yatasimama. Penye kilima waliupitisha chini ya ardhi. Penye bonde waliunyanyua juu ya nguzo za mawe zilizounganishwa kwa matao. Katika bonde la mto Miliane baadhi ya nguzo hizo zimesimama mpaka leo, ndefu kama minazi. Ndani ya mfereji walipaka lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa ili maji yasivuje. Mjini maji yalipokelewa katika matangi makubwa ya mawe.

Wale wenzetu wenye bomba la maji ya mtiririko kutoka mlimani wanaifahamu kazi hii. Ni ile ile.

Lakini mfereji ukikatika mahali pamoja, kilomita zote nyingine hazina kazi. Vita vilipokuja ulikatwa. Uliachwa, ukatengenezwa, ukaachwa tena. Katika karne ya 13 mtawala wa Tunis, al-Mustansir, aliufufua ili ulete maji Tunis. Baadaye ukafa tena. Karibu mwaka 1860 ulitengenezwa upya, na safari hii mabomba ya chuma yalitumika. Gharama ilikuwa kubwa, wakati nchi ilikuwa tayari katika madeni. Mwaka 1869 wageni wenye kudai waliweka tume ya kusimamia fedha za nchi, na mwaka 1881 Ufaransa ikaichukua nchi yenyewe.

Maji yaliyotoka juu ya paa

Je, miaka ambayo mfereji ulikuwa umekufa, watu wa Tunis walikunywa nini? Walikunywa mvua.

Rudini pamoja nasi Madina, tuingie katika nyumba moja ya kizamani. Kwa nje ni ukuta mtupu na mlango. Ndani kuna ua, na vyumba vimeuzunguka. Paa ni la bapa. Mvua ikinyesha juu ya paa inaongozwa kwa mifereji midogo mpaka chini ya ua. Humo limechimbwa tangi na kupigwa lipu. Huitwa majel. Juu yake kuna tundu lenye kifuniko, na watu huteka kwa ndoo na kamba. Tangi limefunikwa, kwa hiyo jua haliyakaushi maji na wadudu hawaingii kwa urahisi. Wenye nyumba walijua kwamba paa lazima lisafishwe kabla mvua za vuli hazijaanza. Paa chafu ni kikombe kichafu.

Hebu tufanye hesabu, maana nasi tuna mapaa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, inatoa lita 1 ya maji. Tuseme nyumba yako ina paa la bati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Zidisha: 6 mara 5 ni mita 30 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 10, hizo ni lita 300. Kwa ndoo ya lita 20, ni ndoo 15. Hata zikipotea mbili au tatu, bado ni safari nyingi za kisimani ambazo mama na watoto hawakwenda. Haba na haba hujaza kibaba.

Maji ya mto, na mwaka 2023

Mji ulikua. Leo Tunis na mitaa yake ya pembeni ina watu zaidi ya milioni 2. Chemchemi za Zaghouan na mapaa hayatoshi tena. Kaskazini mwa nchi kuna mto mkubwa uitwao Medjerda, unaotoka Aljeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikamilika bwawa la Sidi Salem katika mto huo, ambalo ni kubwa kuliko mabwawa yote ya Tunisia. Mfereji wa kilomita 120 hivi huyachukua maji ya kaskazini na kuyapeleka upande wa Tunis na rasi ya Cap Bon, penye mashamba ya machungwa.

Watu wakadhani taabu imekwisha. Haikwisha. Bwawa haliumbi maji, linayaweka tu. Tena mto huleta udongo pamoja na maji. Vilima vikilimwa ovyo na miti ikikatwa, mvua inachukua udongo na kuushusha bwawani. Udongo ukijaa nafasi ya maji inapungua. Sidi Salem limekwisha kupoteza sehemu ya nafasi yake kwa njia hiyo.

Halafu mvua nazo zikapungua miaka kadhaa mfululizo. Mwisho wa Machi 2023 mabwawa ya Tunisia yalikuwa na maji chini ya theluthi moja. Serikali ikatoa amri. Maji ya bomba yasitumike kumwagilia mashamba, wala kuosha magari, wala kuosha barabara, mpaka mwisho wa Septemba mwaka huo. Na kila usiku, toka saa 3 mpaka saa 10 alfajiri, maji yalikatwa. Watu wa mji mkuu walijaza ndoo na sufuria kabla ya kulala, kama tunavyofanya sisi. Ndiyo maana tumesema Septemba watu wa huko hutazama mbingu.

Je, bahari haifai?

Mwanakisomo mmoja atauliza: si wana bahari? Waondoe chumvi wanywe. Swali ni zuri. Inawezekana. Maji ya bahari husukumwa kwa nguvu kubwa katika chujio jembamba sana. Maji matamu yanapita, chumvi inabaki nyuma. Katika kisiwa cha Djerba, kusini mwa Tunisia, kiwanda cha namna hiyo kilifunguliwa mwaka 2018.

Lakini kuyasukuma maji hayo kunataka umeme mwingi, na umeme ni fedha. Maji ya chumvi kali yanayobaki nayo lazima yamwagwe mahali bila kuharibu samaki. Kwa hiyo lita moja iliyotoka baharini ni ghali kuliko lita moja iliyoshuka mlimani yenyewe. Nchi inaweza kulazimika kufanya hivyo, lakini kwanza inapasa izibe mabomba yake yanayovuja.

Tumejifunza nini?

Ndugu wasomaji, mgeni akifika Tunis ataonyeshwa msikiti, magofu na bahari ya buluu. Ni vizuri avione. Sisi tunamwomba aangalie pia ile mifereji, yale matangi na yale mabomba. Mji ule umeishi miaka mingi kwa maji ya mlima, ya paa na ya mto. Maji ya mlima yalikatika mfereji ulipokosa mtengenezaji. Ya paa yalikuwa safi pale tu mwenye nyumba alipopanda kufagia. Ya mto yanapungua udongo wa vilima unapoachwa bila ulinzi.

Kujenga kunakuja na sherehe, na viongozi hukata utepe. Kutunza hakuna sherehe. Ni kazi ya kila wiki, ya mtu mwenye spana na daftari la michango. Lakini bila mtu huyo hata kazi ya Kaisari inakuwa magofu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vijiji vingapi vina pampu iliyosimama kwa kukosa kipande kidogo cha mpira? Vingapi vina chemchemi ambayo miti yake imekatwa kwa mkaa? Basi kabla vuli yetu haijaanza tufagie mapaa, tuzibue mifereji, na kamati ya maji ikutane.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Maji ya kijiji chetu yanatoka wapi: mlimani, paani, mtoni au ardhini? Nani anayatunza?

2. Pimeni paa la shule au zahanati kwa hatua. Mvua ya milimita 10 ingetoa ndoo ngapi za lita 20?

3. Katika kijiji chetu ni chombo gani cha maji kilichojengwa na sasa hakifanyi kazi? Kilikufa kwa sababu gani? Kukifufua kunahitaji nini?

4. Tunis walikataza kuosha magari kwa maji ya bomba wakati wa ukame. Sisi maji yakipungua tuache matumizi gani kwanza, na nani ahakikishe kwamba kila mtu anafuata?